Nyumba ndiyo ofisi: mwongozo kamili wa kuishi Skipton ukifanya kazi kwa mtandao

Skipton ni mji wa gulio katika North Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, pale vilima vya Yorkshire Dales vinapoanzia. Jina lake katika Kiingereza cha kale lina maana ya mji wa kondoo, na hadi leo kondoo wanauzwa mnadani Gargrave Road. Una wakazi wapatao 15,000, ngome ya kale kwenye kilele cha barabara kuu, mfereji wa Leeds na Liverpool unaopita katikati ya mji, na treni ya umeme inayokufikisha Leeds kwa dakika zipatazo 45.

Ni mahali pazuri kwa mtu anayefanya kazi kwa kompyuta, ila nyumba zake nyingi ni za mawe na zilijengwa kabla umeme haujafika, na humo ndimo ofisi yako itakamokuwa. Ukipanga nyumba kwa kuvutiwa na mandhari ya dirishani, utalipia kosa hilo majira yote ya baridi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nyumba, mtandao na joto. Saa zote zilizotajwa ni za Kiswahili.

Hatua ya 1: Kibali na kodi ya mapato

Uingereza haina viza maalumu ya wafanyakazi wa mbali. Mwenye viza ya matembezi anaruhusiwa kufanya kazi ya mwajiri wake wa nje akiwa nchini, mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari, na kwa kawaida hapewi zaidi ya miezi sita. Kwa hiyo kuhamia kabisa kunahitaji kibali cha aina nyingine: cha mwenza, cha masomo, cha kazi, au uraia. Soma masharti ya kibali chako neno kwa neno, kwa sababu baadhi yake hayaruhusu kujiajiri.

Katika kodi ya mapato, wengi hudhani kwamba mshahara ukiingia benki ya Nairobi au Muscat, Uingereza haihusiki. Kinachoangaliwa kwanza ni mahali ulipokaa ukiifanya kazi. Ukikaa siku 183 au zaidi katika mwaka wa kodi, unaoanza Aprili 6 na kuisha Aprili 5, wewe ni mkazi wa kikodi bila mjadala, na hata kwa siku chache zaidi unaweza kuhesabiwa hivyo kutokana na familia, nyumba na kazi uliyonayo huko. Kama kodi haikatwi na mwajiri, jisajili mwenyewe kabla ya Oktoba 5 baada ya mwaka huo kuisha, kisha peleka hesabu na ulipe kabla ya Januari 31. Uingereza ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na Kenya na Uganda, lakini mkataba haukuondolei wajibu wa kupeleka hesabu. Mjulishe pia mwajiri wako mapema, maana kuwapo kwako huko kunaweza kumletea wajibu ambao hakuutarajia.

Hatua ya 2: Kukagua na kupanga nyumba

Kabla ya kwenda kuiona nyumba, chukua postikodi yake na ufanye uchunguzi wa dakika kumi mtandaoni. Kwanza, tafuta kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, cheti cha matumizi ya nishati cha nyumba hiyo. Ni cha wazi kwa kila mtu, na daraja huanzia A hadi G. Nyumba ya kupangisha inatakiwa iwe angalau E, isipokuwa zile zilizopewa msamaha. Usiishie kwenye herufi: soma maelezo ya kuta, paa na chanzo cha joto. Ukiona ukuta wa mawe usio na kizuia baridi na hita za umeme za kuhifadhi joto usiku, jua kwamba bili itauma. Pili, angalia ramani ya serikali ya hatari ya mafuriko. Kijito cha Eller Beck kinapita ndani ya mji, na mitaa ya chini si sawa na ya juu. Tatu, pima mtandao kama inavyoelezwa katika hatua inayofuata.

Siku ya kuikagua, nenda mchana siku ya mvua ukiweza. Fungua makabati yanayogusa ukuta wa nje na unuse. Pitisha kiganja kwenye pembe za dari na nyuma ya kitanda. Rangi mpya iliyopakwa kona moja tu ya chumba mara nyingi inafunika ukungu. Fungua bomba la maji ya moto usikie boila ikiwaka, kisha muulize wakala ilikaguliwa lini, kwa kuwa mwenye nyumba anatakiwa kuwa na cheti cha usalama wa gesi kila mwaka. Mwisho, simama pale utakapoweka meza ya kazi na uangalie simu yako inashika mtandao kiasi gani.

Katika Uingereza yenyewe, yaani England, mwenye nyumba analazimika kuhakikisha una haki ya kupanga. Mwenye kibali cha kidijitali hutoa namba ya uthibitisho kutoka GOV.UK, inayodumu siku 90. Amana ya kushikilia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na amana kuu haizidi kodi ya wiki tano kama kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Amana hiyo inapaswa kuwekwa kwenye mpango wa ulinzi ndani ya siku 30. Zamani mgeni asiye na historia ya mikopo aliambiwa alipe miezi sita kwa mkupuo. Tangu Mei 1, 2026 mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele, wala kupokea bei inayozidi ile aliyoitangaza. Bado anaweza kutaka mdhamini, basi mtafute mapema. Mikataba sasa haina mwisho uliopangwa, na ukitaka kuhama unatoa notisi ya miezi miwili.

Siku ya kuingia, piga picha za mita ya umeme, ya gesi na ya maji kama ipo, namba zisomeke na tarehe ionekane. Piga picha kila doa na kila ufa, uzitume kwa wakala kwa barua pepe siku hiyohiyo. Ugomvi mwingi wa amana huamuliwa kwa picha hizi.

Hatua ya 3: Mtandao

Usiamini tangazo linalosema nyumba ina intaneti ya kasi. Ingiza anwani kamili, si postikodi peke yake, kwenye kipimo cha Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, kwa sababu katika mtaa mmoja nyumba namba 4 inaweza kuwa na faiba na namba 6 isiwe nayo. Utakutana na hali mbili.

Ya kwanza ni faiba inayofika hadi ndani ya nyumba. Ukiipata hii, tatizo kubwa limekwisha. Ya pili ni faiba inayoishia kwenye kabati la kijani barabarani, kisha waya wa shaba wa simu unaingia nyumbani. Hii ya pili haizidi megabiti 80 za kupakua na 20 za kupakia kwa sekunde, na kasi hushuka kadiri waya wa shaba unavyorefuka. Anayefanya mikutano ya video aangalie zaidi kasi ya kupakia. Mkutano mmoja wa picha safi unahitaji megabiti 3 hadi 4, na watu wawili wakifanya mikutano huku simu zikihifadhi picha mtandaoni, laini ya megabiti 5 za kupakia inakwama. Wenzako wanakuona umeganda ilhali wewe unawaona vizuri, na hapo ndipo watu hulaumu kompyuta bure.

Agiza laini wiki tatu kabla ya kuhamia. Faiba mpya inahitaji fundi atoboe ukuta, kwa hiyo pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kama jengo limehifadhiwa kisheria kwa sababu ya ukale wake, na Skipton yapo mengi, kutoboa bila idhini ya halmashauri ni kosa. Uliza hilo kabla ya kusaini. Katika mkataba tafuta kasi ya chini inayodhaminiwa. Kwa kampuni zilizojiunga na kanuni za Ofcom, laini ikishuka chini ya hapo na isirekebishwe ndani ya siku 30, unaruhusiwa kujitoa bila faini. Kampuni nyingi kubwa pia hulipa fidia laini ikikatika na kupita siku mbili kamili za kazi bila kutengenezwa.

Sasa ndani ya nyumba. Ukuta wa mawe wa nusu mita unaua Wi-Fi. Masafa ya gigahezi 5 hupenya kwa shida sana, na yale ya 2.4 hufika yakiwa yamechoka. Dawa ya kweli ni waya. Nunua waya wa mtandao wa Cat 6, ule bapa wa mita 15 au 20, uupitishe pembezoni mwa sakafu hadi kwenye meza. Vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme hufanya kazi nyumba zikiwa na nyaya mpya, lakini katika nyumba kongwe matokeo hubahatisha, basi vinunue dukani kunakokubali kurudishiwa. Ruta za ziada za kusambaza Wi-Fi zinasaidia ikiwa tu zimeunganishwa zenyewe kwa waya.

Weka akiba. Chukua laini ya simu ya mwezi kwa mwezi kutoka mtandao tofauti na ule wa simu yako. Hapa kuna mtego: kampuni ndogo nyingi hukodi minara ya kampuni kubwa. Giffgaff, kwa mfano, inatumia minara ya O2, hivyo mwenye laini hizo mbili hana akiba yoyote. Mabonde huzuia mawimbi, kwa hiyo jaribu kila laini ukiwa umekaa pale mezani. Umeme ukikatika wakati wa dhoruba, piga 105 uulize utarudi lini. Betri ndogo ya kuendesha ruta itakuokoa kwa saa moja au mbili.

Hatua ya 4: Joto na unyevu

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa huogopa theluji. Kinachomsumbua mtu kweli Skipton ni miezi sita ya nyuzi 2 hadi 8, mvua ya manyunyu, na ukuta usiokauka. Ukikaa kwenye kiti kwa muda wa saa nane huna mwendo wa kukupasha damu, ndiyo maana nyuzi 18 zinazomtosha mtu anayepika na kufagia hazikutoshi wewe.

Nyumba nyingi zina boila ya gesi na radieta. Angalia saa ya shinikizo kwenye boila: ikiwa baridi inatakiwa isome kati ya bar 1 na 1.5. Ikishuka chini ya 1, boila nyingi hugoma kuwaka, na maelezo ya kuongeza maji yamo kwenye kitabu chake. Ongeza polepole, maana ukifika bar 3 vali ya usalama inamwaga maji nje na unaanza upya. Asubuhi ya barafu kali, boila ikizima na kutoa sauti ya kugugumia, mara nyingi bomba dogo la plastiki linalotoa maji nje limeganda. Mwagia maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, kisha uiwashe tena.

Weka kidhibiti joto kwenye nyuzi 18 au 19. Katika vyumba usivyotumia mchana, punguza vali ya radieta badala ya kuifunga kabisa, kwa kuwa chumba kikipoa sana hewa yenye unyevu huenda kutua humo na ukungu unaota. Mwili wako upashe moto kwa karibu: blanketi la umeme la kujifunika linakula wati zipatazo 100, ilhali hita ya feni inakula 2,000. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hiyo ni tofauti kati ya yuniti chini ya moja na yuniti 16.

Unyevu ndio mgumu zaidi. Nguo za mzigo mmoja wa mashine zikikaushwa ndani hutoa karibu lita mbili za maji, na maji hayo yanaishia ukutani. Nunua kipima unyevu cha bei ndogo na ulenge asilimia 40 hadi 60. Anika nguo chumba kimoja, mlango umefungwa, mashine ya kunyonya unyevu ikiwa imewashwa. Kama chumba hicho ni cha baridi, chagua mashine ya aina ya kemikali, kwa sababu ile ya kompresa hudhoofika hewa ikiwa baridi. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana dakika kumi kila asubuhi hata kama roho inakataa. Sogeza kabati na kitanda sentimita 5 kutoka ukuta wa nje. Ukungu ukiota licha ya haya yote, mwandikie mwenye nyumba ukiambatanisha picha na vipimo vyako vya unyevu.

Bei ya yuniti kwa wasio na mkataba maalumu ina kikomo kinachowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, kila miezi mitatu. Kikomo ni cha bei ya yuniti. Bili yenyewe hupanda kadiri unavyotumia.

Hatua ya 5: Kujiandikisha

Halmashauri ni North Yorkshire Council, iliyochukua nafasi ya ile ya Craven mwaka 2023. Jiandikishe kwa kodi ya halmashauri wiki ya kwanza. Hulipwa kwa awamu 10 kuanzia Aprili, na unaweza kuomba ziwe 12. Ukiishi peke yako, omba punguzo la asilimia 25, kwa sababu halitolewi bila kuombwa. Ukiruka awamu na kupuuza barua ya kukumbushwa, utadaiwa salio la mwaka mzima kwa mara moja. Ratiba ya mapipa ya taka iko kwenye tovuti ya halmashauri kwa kila anwani. Pipa lenye taka zisizostahili huachwa lilivyo.

Jiandikishe pia kwa daktari wa mtaa ukiwa mzima, usingoje homa. Huhitaji kuonyesha kitambulisho wala uthibitisho wa anwani, ingawa mapokezi wakati mwingine huviomba; eleza kwa upole kwamba NHS, huduma ya afya ya taifa, haivilazimishi. Koo, masikio ya watoto, sainasi na magonjwa mengine madogo kadhaa hutibiwa na mfamasia bila miadi. Piga 111 kwa ushauri, 999 kwa dharura. Hospitali yenye idara ya dharura ni Airedale General, huko Steeton, kati ya Skipton na Keighley. Kumpata daktari wa meno wa NHS ni kazi kweli, basi tengenezesha meno kabla ya kusafiri. NHS inashauri mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira ya vuli na baridi, na watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kuimeza mwaka mzima. Ushauri huu usiupuuze.

Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania inakubalika miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha unafanya mtihani upya. Mwenye leseni ya Falme za Kiarabu anaweza kuibadilisha.

Hatua ya 6: Saa za kazi, gulio na chakula

Majira ya baridi Skipton iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, majira ya joto kwa saa mbili. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mikutano na timu ya Dar es Salaam au Nairobi iweke kwenye kalenda kwa majira ya huko, la sivyo mara mbili kwa mwaka utachelewa au kuwahi kwa saa nzima.

Tofauti hiyo ina faida kubwa. Desemba jua linachomoza saa 2:20 asubuhi na kuzama saa 9:45 alasiri. Anayefuata saa za London hutoka kazini gizani kila siku. Ofisi ya Nairobi ikifunga saa kumi na moja jioni, Skipton ni saa nane mchana, na bado una mwanga wa karibu saa mbili. Anza saa kumi na moja alfajiri, pumzika katikati, na uulinde mwanga huo wa mchana kwa kutembea kando ya mfereji au kwenda gulioni. Juni mambo yanageuka: jua linazama saa 3:40 usiku na giza kamili haliingii. Weka pazia zito chumbani, na kwa Waislamu, fuateni ratiba ya msikiti wa karibu kwa wakati wa Isha.

Gulio liko High Street Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Nenda asubuhi kwa chaguo zuri, au baada ya saa nane wakati wachuuzi wanaanza kupunguza bei kabla ya kufunga. Beba fedha taslimu kidogo. Bei nyingine hutajwa kwa ratili, yaani gramu 454. Maduka makubwa Jumapili hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, kwa kawaida kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na mikahawa mingi hufunga saa kumi.

Sukuma wiki utaipata kwa jina la spring greens. Kale yenye majani ya kujikunja ni ngumu zaidi na huchukua muda motoni. Kwa ladha inayokaribia mbuzi, muulize mwenye bucha kondoo wa zaidi ya mwaka mmoja, sehemu ya bega au shingo, na uipike taratibu kwa saa mbili na nusu. Usisonge ugali kwa polenta ya kupika haraka, maana imekwisha kuivishwa kiwandani na haitashikana. Unga mweupe wa mahindi tafuta Leeds, kwenye maduka ya Kiafrika ya Harehills. Nyama ya halali, bamia, dengu na unga wa chapati wa mifuko ya kilo 10 viko Keighley, dakika 15 hivi kwa treni, na Bradford.

Hatua ya 7: Treni na watu

Nunua tiketi kabla ya kupanda, kwa mashine au simu. Ukikamatwa huna, unatozwa faini. Anayekwenda ofisi ya Leeds siku mbili kwa wiki achukue tiketi ya siku 8 zinazotumika ndani ya siku 28, ila kwanza alinganishe na bei ya kwenda na kurudi nje ya saa za msongamano. Treni ikichelewa dakika 15 au zaidi, dai fidia siku hiyohiyo kabla hujasahau.

Upweke huwakamata wafanyakazi wa mbali mwezi wa tatu au wa nne, shamrashamra za kuhamia zikishapoa. Watu wa Yorkshire hawamkimbilii mgeni, lakini wanamzoea anayeonekana. Nunua mboga kwa mchuuzi yuleyule, siku ileile, wiki baada ya wiki, na baada ya muda atakuwa anakuwekea fungu lako. Fanya kazi maktaba ya High Street nusu siku kwa wiki. Ukiambiwa "now then", hiyo ni salamu. Itikia vivyo hivyo. "You alright?" ni kama "mambo", jibu lake ni fupi na maradhi yako hayatakiwi hapo. Mwenye duka akikuita "love" anaonyesha uchangamfu tu, awe mzee au kijana. Na jirani akikualika kwa "tea" saa kumi na moja jioni, usile kabla ya kwenda, kwa kuwa huko neno hilo mara nyingi ni mlo kamili wa jioni, na mgeni asiyekula atamfanya mwenyeji adhani chakula chake kimemshinda.